Mada: Wale wazee wa Holmfirth, wamechuja au bado?

Kutoka: Wakefield, Jumanne usiku

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Mimi mgeni, nina miezi minne tu tangu nitoke Tanga. Nafanya kea, yaani kuhudumia, kwenye makao ya wazee. Kila siku baada ya chakula cha mchana wazee wangu wanafunguliwa Last of the Summer Wine, kichekesho cha zamani cha BBC. Leo wawili wamegombana kwelikweli. Mmoja anasema kile kipindi kiliisha siku Compo, mmoja wa wahusika wakuu, alipokufa, mwenzake anasema kilikuwa kitamu hadi mwisho. Wakanigeukia mimi niwaamue! Mimi naona wazee watatu wanazurura milimani tu, na wanachosema sikipati.

Naomba mnisaidie. Nani ana haki? Na je, kuna faida yoyote nikikaa nao kuangalia, au nimalizie tu kupanga nguo?

Kutoka: Huddersfield, Jumatano alfajiri

Marahaba mdogo wangu, karibu Yorkshire.

Nguo zitasubiri. Kaa.

Nina miaka kumi na minne kwenye kazi hii na kile kipindi nimekiangalia na wazee wasiohesabika, wengi wao wameshatangulia. Holmfirth kwenyewe, mji kilikorekodiwa, si mbali na kwangu, ni basi moja. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, univumilie.

Kilianza 1973, kikamalizika Agosti 2010. Misimu 31, vipindi 295, na vyote vimeandikwa na mtu mmoja, Roy Clarke. Hapo ndipo pa kuanzia ukitaka kuwaamua wazee wako. Vichekesho vingi vikidumu, waandishi hubadilishana na ladha hubadilika. Hiki hakikubadilisha mkono. Ukimsikiliza Clegg, mmoja wa wale watatu, wa 1975 na Clegg wa 2005, ni mtu yuleyule, anaogopa wanawake na magari vilevile. Peter Sallis aliyemcheza Clegg ndiye pekee aliyeonekana kwenye vipindi vyote 295.

Lakini mkono mmoja huchoka. Misimu ya mwanzo ilikuwa ya maneno. Watu watatu wamekaa kwenye ukuta wa mawe, hawana kazi, hawana pesa, wanaongea juu ya Mungu, ndoa na kifo, na maneno yana makali. Baadaye yakaingia mabeseni yenye magurudumu kuteremka mlimani, na mashine za ajabu ajabu. Wazee wangu walicheka, nami nilicheka, ila ukiangalia kumi mfululizo unajua beseni litaishia wapi kabla halijaondoka.

Compo alichezwa na Bill Owen, aliyefariki Julai 1999. Badala ya kumtoa kimyakimya, Clarke aliandika kifo chake ndani ya hadithi. Compo, aliyemtamani jirani yake Nora Batty na zile soksi zake zilizojikunja vifundoni, anamwona siku hiyo amevaa soksi nyeusi zilizonyooka, na moyo unamshinda. Vipindi vitatu vya msiba huo vilionyeshwa mwaka 2000. Sijaona televisheni ya hapa ikishughulikia msiba vizuri namna ile: hakuna muziki wa kukukamua machozi, ni marafiki wasiojua waiweke wapi mikono yao.

Baada ya hapo, mzee wako wa kwanza ana haki. Waliingizwa watu wengi mno, kila mmoja anapata dakika mbili, mke anamkaripia mume, basi tumehamia nyumba nyingine. Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Kwenye misimu miwili ya mwisho, Peter Sallis na Frank Thornton, aliyemcheza Truly, walikuwa wameshazeeka sana hata bima yao ya kurekodi nje ikawa ghali, wakawa wanaonekana ndani ya nyumba tu. Hadithi yote ni wazee wanaokataa kukaa ndani! Nikiona zile sehemu namkumbuka bibi mmoja niliyemhudumia, alitaka kila asubuhi atoke ashike majani ya bustani, na kila asubuhi tunamsomea fomu ya tathmini ya hatari.

Sasa faida. Wiki yangu ya pili kazini nilimuuliza mzee mmoja kama amekula mchana. Akanijibu, "I've had nowt, love." Sikulijua hilo neno, nikadhani ni jina la chakula, nikaandika kwenye chati kwamba amekula. Mzee ana kisukari. Saa kumi na moja dada wa zamu ya jioni akamkuta amelegea, shati limeloa jasho, anatazama ukutani. Alipona, lakini nilikaa siku nyingi bila usingizi. "Nowt" ni "hakuna kitu". "Owt" ni "chochote". "Summat" ni "kitu fulani". Na "while" kwa wazee wa huku mara nyingi ni "mpaka": akikwambia atalala "while nine", yaani mpaka saa tatu, usimwamshe saa mbili. Kwenye mafunzo hakuna aliyetuambia haya. Mimi niliyapata nikiwa nimekaa pembeni ya kiti cha mzee, nauliza, "Compo kasemaje hapo?" na yeye anafurahi kunifundisha.

Na ujue Bill Owen hakuwa mtu wa huku. Alizaliwa London, akajifunza kuongea hivyo ukubwani. Sallis naye alitoka upande wa London. Wote wawili wamezikwa Upperthong, juu ya Holmfirth, kaburi kwa kaburi. Nimekwenda mara mbili.

Anza na ile ndefu ya Krismasi 1983, Getting Sam Home. Rafiki yao yuko hospitali, hana muda mrefu, wanamtorosha usiku mmoja akamwone mwanamke anayempenda. Anafia huko. Kazi inakuwa kuurudisha mwili nyumbani kwa mke bila mke kujua. Sisi tunaochangishana kila mara kusafirisha miili kwenda nyumbani, tunajua uzito wa lile jambo, na ndiyo maana kicheko chake kinatufika. John Comer, aliyecheza Sid mwenye mkahawa, alikuwa anaumwa saratani hata sauti yake ikabidi iwekwe ya mtu mwingine. Alifariki mapema 1984.

Kutoka: Bradford, Jumatano jioni

Hamjambo wanangu.

Dada wa Huddersfield nimemsoma kwa makini na sikubaliani naye kwa moja. Nimeishi Bradford tangu 1984, nilikuwa naangalia Jumapili jioni na mwenye nyumba wangu. Kipindi kilianza kuchuja Foggy alipoondoka 1997, kabla Compo hajafa. Watatu wale walihitaji mtu wa tatu mwenye mipango, anayejiona jenerali. Foggy alipokuwepo, hata upuuzi ulikuwa na amri. Aliwahi kuondoka miaka ya themanini, wakamleta Seymour, mwalimu mkuu mstaafu mwenye uvumbuzi usiofanya kazi, naye alifaa. Lakini Truly aliyekuja 1997 Foggy alipoondoka ni mtulivu kama Clegg, na watulivu wawili hawasukumani.

La pili, kijana, kwa faida ya wazee wako: ulizia habari ya leseni ya TV, ile ada ya kila mwaka ya kuangalia televisheni hapa. Mkazi wa makao aliyestaafu na ana umri unaozidi miaka 60 anaweza kuwa na leseni ya pauni 7.50 kwa mwaka kwa chumba chake, mradi makao yenyewe yawe na sifa, na ni meneja anayeomba. Nyumbani kwao kwenyewe ni tofauti: tangu Agosti 2020 leseni ya bure ni kwa wenye miaka 75 na zaidi wanaopata Pension Credit (nyongeza ya serikali kwa wastaafu wenye kipato kidogo), au mwenzi wao anaipata. Namjua mzee mmoja ambaye familia yake ililipa ada kamili miaka miwili kwa sababu hakuna aliyewaambia. Na wewe ukiangalia iPlayer, huduma ya BBC ya mtandaoni, kwenye simu chumbani kwako, unahitaji leseni, hata kama huna televisheni. Wageni wengi hawalijui hili mpaka barua zianze kuja.

Kutoka: Huddersfield, Jumatano usiku

Shikamoo mzee. Kwa Foggy nimekubali nusu. Vile vipindi vitatu vya msiba ni vya baada yake, na havina mfano.

Kutoka: Wakefield, Alhamisi

Asanteni sana, Mungu awabariki. Leo nimekaa nao. Ule wimbo wa kinanda cha mdomo ulipoanza, mzee mmoja ambaye mkono wake hutetemeka siku nzima aliweka kikombe chini taratibu, hakimwagiki. Nikamuuliza Compo kasemaje. Ameeleza nusu saa, mpaka chai yake ikapoa.

Hiyo ya 1983 naipata wapi? Mzee ana mashine ya diski chumbani.

Kutoka: Huddersfield, Alhamisi

Ninayo. Jumamosi napita Wakefield saa nane, nitakuachia mapokezi. Usiirudishe kabla hujaimaliza nao.