Daniel Ghiță aliporwa mkanda au alichelewa kuzaliwa? Tujadili kwa hoja

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Kwenye kundi letu la ngumi kuna jamaa katupia picha ya Rico Verhoeven, bingwa Mholanzi wa ngumi na mateke, na mikanda yake, chini akaandika kwamba mwenye mali halisi ni Daniel Ghiță wa Romania, "mfalme aliyeporwa". Kukawaka. Nusu ya kundi wanasema majaji walimuuza mara mbili, nusu wanasema alizidiwa tu na mtoto mwenye pumzi. Nimeona nilete mada hapa palipo na nafasi ya kuandika.

Kwa asiyemfahamu: Ghiță alizaliwa Bucharest mwaka 1981, kalelewa na karate ya Shidokan, akaingia ngumi na mateke kwenye uzito wa juu. Silaha yake ni teke la paja. Ukiliangalia kwenye runinga unaweza kudhani ni teke la kujaribia tu. Halirushi kichwa cha mtu, halimwagi damu. Lakini tazama vizuri: ugoko unaingia juu kidogo ya goti, upande wa nje, msuli unakufa ganzi. Baada ya mawili matatu unamwona jamaa anabadilisha mguu wa mbele, anasogea kwa kuburuza, na ngumi zake hazina uzito tena kwa sababu nguvu ya ngumi inaanzia miguuni. Errol Zimmerman, ambaye si mtu wa kuchezea, alikatwa miguu namna hiyo Seoul, Oktoba 2010, na pambano halikumalizika.

Sasa kesi yenyewe. Oktoba 2013, karibu na Chicago, Glory 11 (tamasha la 11 la kampuni ya Glory), mchujo wa watu wanne usiku mmoja. Ghiță anamtoa Mbrazili Anderson Silva (si yule wa UFC, ile kampuni ya mapigano mchanganyiko, msije mkanichanganya), Verhoeven anamtoa Gökhan Saki. Fainali, Verhoeven anapewa kwa pointi. Juni 2014 wanarudiana Los Angeles, Glory 17, safari hii mkanda wenyewe upo mezani. Tena Verhoeven, tena kwa pointi. Baada ya hapo Mholanzi alikaa na ule mkanda zaidi ya miaka kumi.

Msimamo wangu hautawafurahisha pande zote. Sisemi majaji walimuibia. Ninachosema ni kwamba kilichomnyima Ghiță jina ni biashara ya mchezo wenyewe, si karatasi za pointi. Hesabuni. 2009 anashinda mashindano ya mchujo ya K-1 (kampuni ya Kijapani ya mchezo huu) Tokyo, anaingia kwenye kumi na sita bora. 2010 yuko kwenye nane bora za dunia Tokyo, anatoka kwa Saki baada ya raundi ya nyongeza, na Saki mwenyewe alitoka pale mkono umeharibika, nusu fainali kwa Alistair Overeem haikufika mbali. Yaani Ghiță ana miaka 29, anakomaa. Mwaka unaofuata K-1 inaishiwa fedha, wapiganaji wanabaki kudai malipo yao, Grand Prix, yaani mashindano yake ya dunia, haifanyiki. Anahamia It's Showtime, kampuni nyingine ya mchezo huu, Januari 2012 anamnyang'anya Hesdy Gerges mkanda wa uzito wa juu kule Leeuwarden. Miezi michache baadaye It's Showtime inanunuliwa na Glory. Mkanda aliovaa ukawa wa nyumba iliyouzwa.

Watu wanasema "hana mkanda". Anao, ila aliyempa hayupo. Karibuni.

Mdau wa Tanga

Mkuu, umeandika vizuri lakini umemtetea mtu kwa mambo yasiyohusu ulingo. Verhoeven naye alipita kwenye hali hiyohiyo. K-1 ilikufa kwa wote, It's Showtime iliuzwa kwa wote. Mmoja akavuka, mwingine akabaki anatafutiwa sababu.

Na hilo la pointi mimi naliona hivi: ukienda kupigana ugenini au na mtu anayependwa na waandaaji, usiwaachie majaji kazi. Hassan Mwakinyo, kijana wa hapa kwetu, alipokwenda Birmingham mwaka 2018 kukutana na Sam Eggington, hakuna aliyempa nafasi. Raundi ya pili mwamuzi akasimamisha pambano. Nani angekaa kubishana na majaji? Ghiță alikuwa na sumu kwenye mguu, halafu Los Angeles alipewa raundi tano. Tano, wakuu, si tatu. Teke la paja ni deni linalolipwa taratibu, sawa, basi alikuwa na muda wa kulidai lote. Hakulidai.

Mdau wa Mombasa

Ndugu yangu wa Tanga umenimaliza na hilo la raundi tano 😂 Ila nikuulize, wajua teke la paja huonekanaje kwa jaji? Jaji ameketi upande mmoja wa ulingo. Ngumi ikigonga uso aiona na aisikia, kichwa chatikisika, watu wapiga kelele. Teke likigonga paja lililo upande wa pili wa mwili, yeye aona mgongo. Halafu Verhoeven si mjinga, huyo hutupa ngumi tatu nyepesi, asogea, atupa goti, asogea tena. Kwa macho yaonekana yeye ndiye afanyaye kazi. Mwenye kuumiza ni huyu mwingine.

Mimi sisemi aliibiwa, nasema kanuni yapendelea mwenye pilikapilika. Raundi moja ni kumi kwa tisa (mshindi kumi, mwenzake tisa), iwe umeishinda kwa unywele ama umeishinda kwa kumvunja mtu miguu bila ya yeye kuanguka. Paja likishindwa raundi ya nne, raundi ya kwanza na ya pili hazirudi.

Mdau wa Dodoma

Mnazungumzia Ghiță na Verhoeven, mnamsahau Semmy Schilt? Jitu la mita 2.12, bingwa wa K-1 mara nne. Huyo ndiye aliyemfungia njia. Seoul 2009 alimshinda kwa pointi. Halafu Saitama, Japani, kwenye tamasha la Glory, usiku wa mkesha wa mwaka mpya 2012, wapiganaji kumi na sita usiku mmoja, raundi za dakika mbili mbili, Ghiță anavuka watatu hadi fainali, anamkuta nani? Jitu lilelile. Raundi ya kwanza kwisha habari.

Pale hakuna jaji wa kumlaumu. Teke la paja linahitaji uingie karibu, na kwa Schilt ukiingia karibu unakutana na goti lililo usawa wa kifua chako. Kwa hiyo mimi nakataa neno "kuporwa" moja kwa moja. Mara mbili Schilt, mara mbili Verhoeven, mara moja Saki. Bahati mbaya haiji mara tano.

Mdau wa Arusha

Off topic kidogo, hivi huko Romania kwenyewe nani anapendwa zaidi? Maana niliona Cătălin Moroșanu anajaza kumbi kuliko wote.

Mleta mada

Dada (au kaka, samahani), wala hujatoka nje ya mada. Moroșanu ni mchezaji wa raga wa zamani kutoka Iași, wenyewe wanamwita Kifo cha Milima ya Karpati. Staili yake ni kuingia na ngumi za kuzungusha kama mtu anayefukuza nyuki, na watu wanampenda kwa hilo. Kaonekana hadi kwenye shindano la televisheni la kucheza dansi. Ukimweka Bucharest ukumbini tiketi zinaisha. Lakini hajawahi kufika alikofika Ghiță, kwenye fainali za dunia. Ndiyo maana nasema tusichanganye umaarufu, mkanda na ubora. Romania mambo hayo matatu wamegawana watu tofauti.

Tena kuna wa nne: Benjamin Adegbuyi, baba Mnigeria, mama Mromania. Desemba 2020 Rotterdam, ukumbi hauna watazamaji kwa ajili ya korona, Badr Hari anamchapa mwanzoni hadi unasema basi, na raundi ya tatu Adegbuyi anamgeuzia kibao na kummaliza. Ushindi ule una uzito kuliko mikanda mingi. Naye wa Glory hakuupata.

Sasa nirudi kwa mdau wa Tanga. Mfano wa Mwakinyo ni mzuri ila hauvuki hadi huku. Eggington alisimama mbele na kubadilishana. Verhoeven mwaka 2014 alikuwa na miaka 25, kazi yake usiku ule ilikuwa kutosimama mahali pamoja. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutomkamata anayekimbia halafu hapohapo ukampa sifa anayekimbia. Chagua moja.

Mdau wa Tanga

Nachagua: anayekimbia na bado anakupiga ni bondia bora kuliko wewe. Jibu hilo.

Mdau wa Mombasa

Hapo kaka kakubana kweli.

Mleta mada

Hajanibana. Mpiganaji bora wa usiku ule na mpiganaji bora wa kizazi chake ni maswali mawili. La kwanza nimeshawapa Verhoeven tangu mwanzo, rudini mkasome. Ninalobishia ni la pili, kwamba mtu aliyefika fainali ya Saitama, aliyevaa mkanda wa It's Showtime, aliyempeleka Saki raundi ya nyongeza, leo anatajwa kama "yule aliyepigwa na Rico". Verhoeven alianza kupanda Glory ilipokuwa mpya, waandaaji wana fedha na wanatafuta sura ya kuiuza kampuni kwa miaka kumi. Ghiță alifika pale ana 31, ameshatumia magoti na mapaja yake kwenye nyumba mbili zilizofungwa.

Mdau wa Dodoma, kuhusu Schilt sina ubishi. Ila hesabu yako ya mara tano inamhusu kila mtu wa kizazi kile, maana Schilt aliwafungia njia wote, na hakuna anayesema Peter Aerts au Remy Bonjasky hawakuwa kitu kwa sababu walipigwa na Schilt.

Mdau wa Dodoma

Aerts na Bonjasky walishinda Grand Prix mara tatu kila mmoja, mkuu. Wana cha kuonyesha. Huyu wako ana nini?

Mdau wa Arusha

Alipata kiti cha ubunge 😅 nimesoma kwamba baada ya ulingo aliingia siasa, kaingia bungeni kupitia chama cha PSD.

Mleta mada

Haya, tuache ubunge. Mdau wa Dodoma nakupa swali moja, na wa Tanga pia. Chukulia K-1 haikufilisika. Overeem kaenda UFC, Schilt anastaafu mwaka 2013, Verhoeven bado hana jina. Grand Prix ya mwaka huo nani anaichukua?

Mdau wa Tanga

Saki. Si alishamtoa 2010?

Mleta mada

Kwa raundi ya nyongeza, na mkono ukaharibika. Endelea.