Kontena, stoo ya matofali au sanduku la chuma? Naombeni ushauri kabla sijalipia

Mjenzi wa Porini
Habarini wadau. Najenga nyumba ndogo ya mbao mbali na makazi ya watu, na nafika huko mwisho wa wiki tu. Nimeshaibiwa toroli na makoleo mawili, na sasa natakiwa kuamua ndani ya siku chache nihifadhi wapi vifaa. Nina njia tatu: kontena kuukuu la futi 20, stoo ndogo ya matofali yenye mlango wa chuma, au sanduku kubwa la chuma nilifunge ndani ya banda la mbao lililopo. Ipi bora?

Nati13
Mkuu, umeacha mambo yote ya msingi. Una vifaa gani hasa? Lori linafika mpaka pale? Mtandao wa simu upo? Na ni akina nani wanaojua kuwa haupo siku za kazi? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Fundi Chuma
Kontena. Mimi sihitaji kujua zaidi. Likiwa tupu lina zaidi ya tani 2, hakuna wa kulibeba. Chomelea kisanduku cha chuma kinachoficha kufuli, mkono uingie kutokea chini na ufunguo tu. Mkasi wa kukatia vyuma haupati pa kuuma. Langu lina mwaka wa sita na halijaguswa.

Mama Nyundo
Asiyeweza kulibeba ni mwizi, na mwenye nyumba pia. Linafikaje? Lori la kushushia kontena linahitaji njia pana na mahali tambarare pa kugeuzia. Tusimwambie mtu anunue kitu kitakachokwama njia panda.

Mjenzi wa Porini
Samahani, nilikuwa na haraka. Vifaa: drili na msumeno wa betri, grainda, jenereta ndogo, mifuko 20 ya saruji, mbao, na mabati ya paa zima ambayo bado sijayaleta. Njia inapitika kwa gari dogo kiangazi, ikinyesha tunatembea. Mtandao unapatikana ukipanda kilimani. Wanaojua ratiba yangu ni mafundi wawili walionisaidia msingi, na sasa hawapo tena.

Kimya Kingi
Ndugu, naomba unisome mpaka mwisho, maana mimi nilichagua namba mbili na nilidhani nimemaliza.

Nilijenga stoo ya matofali, mlango wa chuma, komeo mbili, kufuli nene za chuma kigumu. Ndani nikaweka sanduku la chuma lenye kufuli lake. Nikaondoka wiki tatu. Niliporudi nilizunguka nikakuta mlango uko vilevile, kufuli hazina hata mkwaruzo, nikashukuru Mungu. Nilipofungua nikaona mwanga unashuka kutoka juu.

Walipanda kwa ngazi yangu, niliyoiacha imelala nyuma ya nyumba. Waling'oa misumari ya bati mbili wakateremka ndani. Sanduku walilikata kwa grainda yangu, ilikuwa kwenye rafu, na jenereta ilikuwa pembeni ikiwa na mafuta. Vumbi jeusi la chuma lilitapakaa sakafu nzima, na diski tatu zilizokwisha wameziacha pale. Hawakuwa na haraka hata kidogo. Porini nani atasikia mlio?

Jenereta nilinunua nyingine. Kilichoniuma ni patasi za marehemu baba, zimo kwenye kikasha cha mbao alichokitengeneza mwenyewe. Hazina bei kwa mtu mwingine. Nilipokwenda kutoa taarifa nikaulizwa namba za mashine zangu, sikuwa nayo hata moja. Siku hiyo nilijiona nimebaki na maelezo matupu.

Kwa hiyo kabla hujauliza mlango gani, angalia juu. Na grainda isilale pale hata usiku mmoja.

Nati13
Pole sana, Kimya. Hii ya patasi imenigusa.

Niongeze ya mlango. Watu wanawekeza kwenye kufuli halafu komeo limeshikwa na skrubu nne fupi kwenye mbao. Mwizi hagusi kufuli, anapenyeza mtaimbo nyuma ya komeo na linatoka lote. Tumia bolti zinazopita mpaka ndani, kichwa cha mviringo nje, nati ndani, na bamba la chuma nyuma yake ili mbao isipasuke. Bawaba zikiwa nje, pini zake zichomelewe, la sivyo mlango unatolewa upande wa pili. Na kwa paa la stoo, suka wavu wa nondo chini ya bati, uushike kwenye mkanda wa zege.

Macho Manne
Mbona hakuna aliyetaja kamera? Zile za kupigia picha wanyama, zinazoamka kitu chenye joto kikipita. Ukinunua angalia mwanga wake wa usiku: za nanomita 850 zinaona mbali ila zina alama nyekundu hafifu inayoonekana, za 940 hazionekani kwa macho ila hazifiki mbali. Usiielekeze mlangoni. Ifunge juu ya mti ikitazama njia, mahali gari linapolazimika kupunguza mwendo.

Fundi Chuma
Kamera itakuletea picha ya mgongo wa mtu aliyevaa kofia. Mali imekwenda.

Macho Manne
Yangu iliniletea namba ya gari, na msumeno ulirudi. Ndiyo maana nimesema njiani, si mlangoni.

Radi Kavu
Mnazunguka sana. Unganisha waya wa umeme kwenye kitasa, atakayegusa hatarudi.

Mama Nyundo
Radi, tafadhali futa hilo. Atakayegusa kitasa anaweza kuwa fundi wako, au mtoto anayekimbia mvua, au wewe mwenyewe siku umesahau. Na katika nchi nyingi mtego wa kuumiza watu ni kosa la jinai hata kama aliyeumia alikuja kuiba. Drili hailingani na roho ya mtu.

Radi Kavu
Nimeibiwa mara nne, dada. Niliandika kwa hasira, naliondoa. Vipi king'ora basi?

Nati13
King'ora kinafaa pale penye jirani. Kinachotuma ujumbe kwenye simu kina maana zaidi, lakini kwake mtandao uko kilimani. Na kifaa cha kufuatilia mali nacho kikifungiwa ndani ya chuma hakitoi ishara, mpaka kitoke nje.

Mama Nyundo
Mimi naona swali lenyewe limekaa vibaya. Mahali ambapo mwizi ana usiku mzima, kila kufuli litakatwa, tofauti ni dakika tu. Basi apungukiwe na cha kuchukua. Drili, msumeno, betri zote na grainda ni mfuko mmoja, urudi nao nyumbani. Mabati yasifike mpaka kenchi zimesimama, yapigwe siku hiyohiyo. Jenereta ifungwe kwa mnyororo mnene kwenye pete ya nondo iliyozamishwa kwenye zege la sakafu. Mifuko 20 ya saruji ni tani nzima, mtu wa miguu hawezi nayo, adui wake ni unyevu. Iinue juu ya chaga, mbali na ukuta, na usiinunue yote mapema.

Fundi Chuma
Kwenye kontena saruji inakaa kavu kabisa.

Mama Nyundo
Kontena linatoa jasho, kaka. Mchana joto, usiku chuma kinapoa, matone yanaanguka kutoka darini. Nimepasua mifuko mingi iliyoganda.

Fundi Chuma
Lisilo na matundu ya hewa, sawa. Langu nimeliwekea manne, nimeyawekea na wavu wa chuma.

Kimya Kingi
Andikeni namba za mashine zenu leo, jamani. Pigeni picha kibandiko, na mchore alama yenu kwenye bodi la mashine kwa ncha ya chuma.

Mjenzi wa Porini
Nimesoma yote, asanteni. Kontena nimelisimamisha kwanza, dereva wa lori amesema hawezi kupita kwenye kona ya mwisho. Mashine za betri nitabeba. Sijaamua kati ya stoo na sanduku, maana nondo za paa zinaongeza gharama, na banda la mbao lenyewe naliona dhaifu. Sanduku nikilifunga kwa bolti kwenye sakafu ya zege, unene wa sentimita 10 unatosha?

Nati13
Unatosha kama zege limekomaa na bolti zinafungwa kutokea ndani ya sanduku. Lina nondo?

Kimya Kingi
Na ngazi je? Hujaitaja.

Mjenzi wa Porini
Iko nyuma ya banda. Jumamosi naiondoa.

Fundi Chuma
Mama Nyundo, hiyo mifuko iliyoganda, ilikuwa imegusa ukuta?