Naomba ushauri: mkono unauma nikipiga bekihendi

Habari zenu wanatenisi. Nina miezi saba uwanjani, natumia mkono wa kulia, na bekihendi (pigo la upande wangu wa kushoto) napiga kwa mkono mmoja. Wiki ya tano hii nasikia maumivu chini ya kidole gumba, upande wa kifundo cha mkono. Forihendi (pigo la upande wa kulia) na sevu (pigo la kuanzisha pointi) hazinisumbui hata kidogo. Ni bekihendi tu, hasa mpira ukinikuta nimechelewa.

Mshiko wangu uko hivi: fundo la shina la kidole cha shahada nalilaza kwenye ukingo wa mshazari wa mpini, palepale ninapoweka nikipiga sevu, kisha gumba nalinyoosha nyuma ya mpini ili raketi isiyumbe. Nashuku gumba hilo ndilo tatizo, kwa sababu nikilizungushia mpini badala ya kulinyoosha maumivu yanapungua, ila mipira inaruka juu na kutoka nje.

Nimepumzika siku kumi, nikaweka barafu, nikaongeza tepu moja juu ya mpini uwe mnene kidogo. Nafuu ilikuja, lakini niliporudi uwanjani, nusu saa tu yakaanza tena. Nyuzi za raketi yangu ni za poliesta, zimekazwa kwa kilo 25.

Naomba kujua: nihamishe fundo hadi upande bapa wa juu kabisa, au nianze kupiga kwa mikono miwili? Na je, niendelee kucheza taratibu au nimwone daktari kwanza? Naupenda sana mchezo huu, sitaki kuuharibu mkono.