Naomba ushauri: dona na karanga za akiba ya kusi
Salaam ndugu zangu. Tuko Faza, Lamu. Kusi ikivuma sana mashua hazivuki, kwa hiyo huweka akiba ya miezi mitatu. Juzi nimefungua pipa la unga wa dona, ukanuka mafuta yaliyochacha. Nilipouonja, uchungu ukabaki ulimini. Kiini cha mahindi kina mafuta, ndiyo maana sembe, iliyotolewa kiini, hukaa zaidi. Lakini karanga ndizo zinanitia hofu. Zimeingia unyevu, nyingine zina ukungu wa kijani. Aflatoksini, sumu itokanayo na ukungu, haiishi kwa kukaanga wala kuchemsha, na mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 hapa Kenya. Mama asema tuzichague, tuzianike. Nimwelezeje bila kumvunjia heshima? Na badala ya dona, mchele mweupe na pojo vitatosha?