MJADALA: Pikipiki ya traiali iliyoungwa kwa vipuri mchanganyiko ishindane na za zamani?

Mleta mada

Wakuu, naleta suala linalowagawa wapenzi wa traiali huko Uingereza kwa miaka mingi. Traiali si mbio. Mwendeshaji anapita juu ya mawe, mizizi na vijito kwa mwendo wa pole. Mguu ukigusa chini mara moja anapata pointi 1 ya adhabu, mara mbili 2, mara tatu au zaidi 3, akikwama 5. Mwenye pointi chache ndiye mshindi.

Daraja la Pre-65 ni la pikipiki za kabla ya 1965, na mwaka huo haukuokotwa tu. Mwendeshaji Sammy Miller alishinda Scottish Six Days Trial, traiali ya siku sita huko Scotland, ya 1964 kwa Ariel ya Uingereza ya cc 500. Mwaka uliofuata akashinda tena, safari hii kwa Bultaco Sherpa T ya Hispania, injini ya tu-stroke ya cc 244. Tangu hapo pikipiki nzito za Uingereza ziliachwa nyuma.

Sasa mtu anachukua injini ya BSA Bantam, pikipiki ndogo ya Uingereza, anaunda fremu mpya, anaweka shokapu za kisasa ndani ya maganda ya kizamani, kisha anajiandikisha Pre-65. Msimamo wangu: apande, lakini awe na daraja lake.

Mchangiaji wa 1

Napinga. Kuchanganya vipuri ndiyo traiali yenyewe. Hata ile Ariel ya Miller haikubaki ilivyotoka kiwandani. Aliipunguza uzito na kuibadilisha mwaka baada ya mwaka. Na Bantam ni nini? Ni mchoro wa DKW RT 125 ya Ujerumani, Uingereza iliuchukua kama fidia ya vita, BSA ikaanza kuiuza 1948 ikiwa na cc 123, gia tatu, na nyuma haina shokapu kabisa. Ukisema ishindane jinsi ilivyo, umewafukuza watu wote wenye kipato cha kawaida. Bantam inapendwa kwa sababu ni rahisi na nyepesi, na vipuri vyake bado vinapatikana.

Mchangiaji wa 2

Tusizungumzie "vipuri vya kisasa" kwa ujumla. Kuna kipuri kinachosaidia pikipiki iishi, na kuna kinachoshinda mashindano. Kwenye Bantam, kinachoshinda ni giaboksi.

Gia tatu za D1, yaani Bantam ya kwanza, zina uwiano wa jumla wa 22.1, 11.7 na 7.0 kwa 1: injini inazunguka mara 22.1 gurudumu likizunguka mara moja, na kadhalika. Tairi la nyuma la traiali, 4.00-18, likizunguka mara moja linasogea kama mita 2.05. Injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika, gia ya kwanza inakupeleka karibu kilomita 8.4 kwa saa. Kwenye mawe hiyo ni kasi kubwa mno, utaishi kwa kubana klachi. Dawa ya kwanza ni sproketi: toa ya meno 15 mbele na 47 nyuma, weka 12 na 51. Gia ya kwanza inakuwa 30 kwa 1, kilomita 6 hivi. Lakini ya pili inabaki karibu 16 kwa 1, maana pengo kati ya gia halibadiliki kwa sproketi. Ukipanda kilima cha matope, ya kwanza inapiga kelele na ya pili inazima injini.

Sproketi ya meno 12 nayo ina gharama. Kila kiungo cha mnyororo kinakunjwa nyuzi 30 badala ya 24, kwa hiyo mnyororo unakwisha mapema, na mara nyingi unaanza kusugua bomba la egemeo la mkono wa nyuma. Weka kipande cha nailoni hapo kabla haujakata chuma.

Gia nne zilikuja na Bantam za baadaye, D10 Sports na Bushman, 1966. Kwa nje injini inafanana sana na ya zamani. Mwenye gia nne ndani ya pikipiki inayoitwa ya 1959 ana faida ambayo jicho halioni, na hiyo ndiyo ninayoipinga. Kuwasha kwa kielektroniki siipingi: inafanya pikipiki iwake tu.

Mchangiaji wa 3

Mkuu, hoja yako ina mashiko, lakini umeruka shokapu za mbele. Wengi wanadhani faida yake ni ulaini. Faida kubwa ni jinsi usukani unavyokata kona, na hiyo ni hesabu.

Chukua tairi la mbele la 2.75-21, nusu kipenyo karibu mm 340. Shingo ya fremu ikilala nyuzi 27 kutoka wima, na shokapu zikiwa mm 60 mbele ya mstari wa shingo, tairi linagusa ardhi mm 106 nyuma ya pale mstari huo unapotua. Simamisha shingo hadi nyuzi 24 bila kugusa kingine, unapata mm 86. Usukani unakuwa mwepesi, pikipiki inageuka pembeni mwa mti, ila kwenye mawe yaliyolegea gurudumu linajipinda lenyewe. Ukitaka kurudisha utulivu bila kuilaza shingo, punguza ule umbali wa 60 hadi 45, nawe utakuwa kwenye mm 102.

Ndiyo maana anayefunga shokapu za pikipiki nyingine pamoja na mabano yake bila kupima analalamika kwamba "fremu ni mbaya". Fremu haina kosa. Mabano yamekuja na umbali wa pikipiki nyingine.

Mchangiaji wa 1

Basi unanisaidia! Hesabu hiyo inafanyika hata kwa vipuri vya 1960. Utamwadhibu mtu kwa kujua kupima?

Mchangiaji wa 4

Mimi nauliza usalama kwanza, daraja baadaye. Fremu ya miaka 60 iliyokatwa shingo na kuchomelewa upya bila kufungwa kwenye jigi (kishikio kinachoinyoosha wakati wa kuchomelea) ni hatari kuliko fremu mpya ya bomba la mm 25.4 lenye unene wa mm 1.6. Nyufa huanza kando ya bamba la kuimarisha shingo, pale weldi inapoishia kwa kukata bomba kwa upande. Bamba likichongwa likaisha kwa ncha nyembamba kufuata urefu wa bomba, nguvu inasambaa.

Magurudumu mchanganyiko ndiko makosa yanakojaa. Ekseli ya Bantam ni ya inchi, habu ya Japani ina beringi ya 6202 yenye tundu la mm 15: watu huweka bushi nyembamba kisha wanakaza. Bila spesa ya chuma katikati ya beringi mbili, yenye urefu sawa na umbali kati ya mabega ya habu zinapokaa beringi, nati ikikazwa beringi zinabanwa kwa upande na zinakufa haraka. Mnyororo nao pima ulegevu wake pale ekseli, egemeo na sproketi ya mbele vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo unapokaza zaidi. Ukiupima pikipiki ikiwa imening'inia, shokapu ikishuka mnyororo utavuta beringi ya giaboksi.

Na tafadhali, upepo wa psi 5 mbele na 4 nyuma unahitaji kishikio cha tairi ndani ya ringi, la sivyo tairi linateleza na kung'oa valvu.

Kwenye injini, badilisha sili za krenki kabla ya kuhangaika na kabureta. Sili ya upande wa klachi ikivuja, injini inanyonya oili ya giaboksi na kutoa moshi mzito. Ya upande wa magneto ikivuja inanyonya hewa: mizunguko inakataa kushuka, mchanganyiko unakuwa mkavu, pistoni inakwama.

Mleta mada

Nakubali kurekebisha msimamo. Fremu mpya, ringi, kuwasha, beringi: ruksa. Idadi ya gia na aina ya shokapu ndiyo ipange daraja. Nani atakagua giaboksi bila kufungua injini?

Mchangiaji wa 2

Inakaguliwa uwanjani kwa dakika chache. Toa plagi, inua gurudumu la nyuma, weka gia ya kwanza. Zungusha gurudumu duru moja kamili, mtu mwingine ahesabu pistoni inafika juu mara ngapi. Rudia kwenye kila gia hadi ya mwisho. Kwa giaboksi ya D1, hesabu ya gia ya kwanza ni zaidi kidogo ya mara tatu ya gia ya juu, sproketi ziwe zozote, na kati yake kuna gia moja tu. Ukipata mbili, huyo aende daraja jingine.