Tupeane uzoefu: wimbo gani wa ibada unakushika, na ulikukutia wapi?

Mwana wa Kambi (Jinja): Bwana asifiwe jamani. Leo siasa tuziweke kando. Kila mtu ataje wimbo mmoja na aseme ulimkutia wapi. Msiniletee "nyimbo zote ni nzuri", hilo najua.

Naanza mimi. Nimekulia kambini, baba sajenti. Wenzangu wa Uganda mnajua Kiswahili chetu kilivyosikika uraiani: lugha ya bunduki na ya wezi. Nikifungua mdomo sokoni, muuza nyanya anashika pochi yake. Lakini nyumbani ndicho mama alichoimbia. Alikuwa na Tenzi za Rohoni isiyo na jalada, kaishona kwa uzi wa gunia. Ukurasa wa "Cha kutumaini sina" una alama ya kidole chenye mafuta. Ukiuinua juani, mwanga unapita.

Mwaka 2002 baba alipelekwa Gulu, kaskazini, kwenye vita. Jioni mama anachagua maharage kando ya sigiri huku anaimba, na akifika ubeti wa pili, ule wa njia ndefu na mawimbi, anafunga mdomo, anaivumisha tuni tu mpaka kiitikio. Nilidhani kausahau. Baba akarudi mwaka uliofuata. Usingizi hapati, anamwomba mama aimbe. Mama akauruka ubeti ule kama kawaida yake. Baba akauimba mwenyewe, gizani, kwa sauti ya paredi, nje ya tuni kabisa. Mama hakumrekebisha. Hadi leo kanisani tukiufikia, mimi ndiye ninayefunga mdomo.

Dereva wa Malaba: Mimi Mkenya, lakini nusu ya maisha yangu nimeyalalia kwenye foleni ya malori ya Malaba, mpakani na Uganda. Wimbo wangu ni Tukutendereza. Kijijini kwetu wazee waliookoka waliuimba kila wakisalimiana, nami nikajua ni Kiswahili kigumu cha watu wazima. Eti "tuku" ni sisi, na "tendereza" ni kutenda kwa utelezi! Nimeukosea hivyo mpaka nina miaka ishirini na tisa. Tanboi wangu Muganda alicheka akataka kuanguka kwenye lori. Kumbe ni "tunakusifu" tu.

Mama Mapacha (Mukono): 😂😂 Utelezi! Kaka, wimbo huo tuni yake ililetwa na Wazungu, lakini waliousambaza ni Balokole wetu, yaani waliookoka wa uamsho, tangu miaka ya 1930. Rwanda wanauimba, Bukoba wanauimba, na neno lenyewe wameliacha la Kiganda. Mimi niliimbiwa leba, na mkunga ambaye hata jina sikumuuliza. Basi, siongezi.

Mwalimu Mstaafu (Masaka): Mwanangu wa Kambi, hiyo ya lugha ya bunduki imenigusa. Kabla ya bunduki hizo, wamisionari wa kwanza waliokuja Buganda walifundishia Kiswahili, kwa kuwa vitabu vya Kiganda vilikuwa bado. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu Wakristo waliuawa pale Busega, mwaka mmoja na zaidi kabla ya wale mashahidi wa Uganda waliochomwa Namugongo. Inasimuliwa kwamba waliingia motoni wakiimba "Kila siku tumsifu". Kiswahili hicho! Nilikuwa nikiwaimbisha darasa la sita kila Januari. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba nawafundisha watoto lugha ya askari. Nikamwambia akae asikilize. Alikaa, lakini hakubadilika.

Binti Bombo: Mimi Mwislamu, nimepita tu. Bibi yangu alikuwa na kasida yake ya maulidi, akiisoma huku ananisuka. Alivyokuwa akivuta nywele kwenye kituo! Wacha niende.

Kwaya Rwamwanja: Salamu kutoka kambini, ile ya wakimbizi. Tulitoka Kongo, tukavuka mpaka wa Bunagana 2012, tukalala Nyakabande kwenye kituo cha mapokezi, kisha tukaletwa Rwamwanja. Mwimbishaji wetu alivuka na daftari la nyimbo ndani ya blauzi. Mvua ilimpiga usiku kucha, wino ukayeyuka. Wimbo wetu mkubwa ukabaki na beti mbili, ya tatu ni doa la buluu. Tukauliza kambi nzima. Akaja mama mmoja wa Uvira, anaujua wote, ila kwa tuni nyingine! Wiki mbili za mazoezi zikaishia kwenye ubishi, ngoma ya jerikani ikawekwa chini. Mwisho tukakubaliana kuimba beti mbili, halafu wakati wa ubeti wa tatu tunapiga makofi tu. Wageni wanadhani ndivyo ulivyotungwa.

Dereva wa Malaba: Makofi hayo ningependa kuyasikia.

Mwana wa Kambi: Afadhali makofi kuliko spika za siku hizi, mtu anatoka ibadani masikio yanalia. Kwaya Rwamwanja, nimemsomea mama haya yote. Amevaa miwani, anasema rekodi tuni yenu unitumie.

Kwaya Rwamwanja: Nimetuma, dakika moja na nusu. Samahani kwa jogoo.

Mwana wa Kambi: Ameisikiliza mara tatu. Anasema ubeti wa tatu anao, waliuimba kambini kwetu. Ila anasema na nyinyi tuni mmeikosea.

Kwaya Rwamwanja: Mungu wangu. Mwambie mama aimbe, narekodi. Yule wa Uvira tusimwambie kwanza.