Wana Ujiji, mtu mzima anarudishaje samaki wa mtoto kwenye sufuria?

Mama Pacha wa Kanyenye (mleta uzi):

Naandika nikiwa ndani ya basi, Uvinza tumeshaipita, watoto wamelala, baba watoto anajifanya amelala, na mimi mikono bado inanitetemeka kwa hasira. Mkiona herufi zimeruka laumuni matuta.

Jina sitaji. Hakuna haja. Yeyote aliyewahi kukanyaga Ujiji anamjua. Yule mama wa sauti. Yule ambaye kwenye shughuli za watu anakaa karibu na sinia kuliko bibi harusi. Sasa huyo ndiye wifi yangu, ndiye shangazi wa damu wa wanangu, na jana mchana ameingiza mkono kwenye sahani ya Doto, mtoto wa miaka minne, akanyanyua kipande cha mgebuka, akakirudisha kwenye sufuria.

Kwenye SUFURIA jamani.

Na mtoto alishakimega! Kina alama za meno!

Tulitoka Tabora alfajiri, mimi na pacha wangu na mdogo wao mgongoni. Doto katapika Urambo. Kulwa kaona mwenzake anapepewa na abiria wote, wivu ukamshika, naye akatapika Kaliua. Mapajani nimepakata dumu la lita tano la asali ya Sikonge, miguuni mchele wa Igunga, kwenye buti jogoo na tetea wanagombana mpaka daraja la Malagarasi. Vyote vya nani? Vya wifi. Mimi nimefundwa, ukweni huendi mikono mitupu.

Tunafika giza limeshaingia. Anafungua mlango nusu. Hakuna karibuni, hakuna poleni na safari. Neno la kwanza kinywani mwake: "Jumapili mnaondoka na basi la saa ngapi?" Halafu macho yakashuka kwenye dumu. Mlango ukafunguka wote.

Dumu lile sijaliona tena. Liliingia chumbani, mlango ukafungwa. Na friji ya nyumba ile ina kofuli. Sitanii, imetobolewa ubavuni, imewekwa komeo, imepigwa kofuli la geti. Funguo anatembea nazo kwenye kanga, akiinama zinalia, watoto wake wanakimbilia jikoni wakidhani kuna kitu kinafunguliwa.

Usiku sisemi. Mkeka, neti ina matundu ya kupita bundi, basi.

Jumamosi asubuhi tukawapeleka watoto pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, wamekimbizana chini ya miembe mpaka wamechoka, wamerudi na njaa ya kula ukuta. Tukakuta ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese. Kupika anajua, hapo simdhulumu. Kapakua yeye mwenyewe, anahesabu vipande kwa ncha ya mwiko, midomo inacheza. Wanawe wenye ndevu, viwili viwili. Kaka yake, viwili. Mimi mkia. Pacha, kimoja kimoja. Nikasema alhamdulillahi.

Doto kamega, katafuna, kasema "mama, tamu." Hapo hapo shoga yake akapiga hodi. Wifi kwa bashasha zote: "Karibu shoga, umenikuta na mboga!" Nilidhani atatoa kwenye sahani yake. Mkono ukapita juu ya ugali, ukapita kwangu, ukatua kwa Doto. Kipande kikanyanyuka. Kikaenda kwenye sufuria, kikazamishwa kwenye mchuzi, kikageuzwa, kikapakuliwa upya kwa shoga, na limau juu.

Halafu akanigeukia: "Watoto mchuzi unawatosha."

Mchuzi! Unawatosha! Doto hakulia hata. Alimtazama tu akamwambia, "Shangazi, hujanawa."

Huko Ujiji ziwa liko hapo hapo. Ziwa la pili kwa kina duniani, mita 1,470 kwenda chini, na samaki wamo tele. Ila shangazi mtu kaona mgebuka wa ziada utapatikana kwenye sahani ya Doto. Kwenye sufuria, nasema! Na meno ya mtoto juu yake!

Mzee wa Isevya:

Siti ya mbele. Muuza karanga pita huku.

Kuhe Mkavu:

Pole dada. Ila swali moja tu, shemeji yetu alikuwa wapi wakati dada yake anapora?

Mama Pacha wa Kanyenye:

Alikuwepo! Anachambua miiba, kainama kama daktari wa upasuaji. Nimemfinya paja. Kanyanyua kichwa, akauliza, "pilipili ipo?"

Kuhe Mkavu:

😂😂 Huyo hajalala kwenye basi, anaogopa kufumbua macho.

Chumvi Uvinza:

Acha chai wewe. Friji yenye kofuli? Mleta uzi amechoka na safari, akoge alale.

Jirani wa Gungu:

@Chumvi Uvinza hiyo friji ipo, mimi nimeiona kwa macho yangu kwenye arobaini ya mtu. Mleta uzi, huyo mama ana dera la njano?

Mama Pacha wa Kanyenye:

Ndiye.

Jirani wa Gungu:

Ana bajaji inakaa uani haina tairi la mbele?

Mama Pacha wa Kanyenye:

NDIYE.

Jirani wa Gungu:

Basi ni mama yangu mdogo huyo. Na hela yangu ya kitenge hajanilipa tangu mwaka juzi. Nikimdai ananiombea dua.

Fundi Cherehani:

Mbona mimi dera la njano na bajaji mbovu ni shangazi yangu wa Kasulu? Hawa watu wanagawiwa ofisi gani?

Bin Ujiji:

Mleta uzi una matatizo na wifi yako, mji umekukosea nini? "Wana Ujiji" ndiyo nini? Sisi wageni tunawapokea tangu enzi za misafara. Mji huu ulikuwa unajaa wasafiri Tabora nako hawajamaliza kuchagua mahali pa kuoteshea miembe.

Mwalimu Mstaafu:

Bin Ujiji usiniingize kwenye historia, nitakuumbua. Mwaka 1871 Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema, mgonjwa, miguu imeisha, anategemea mali zake zilizokuwa zinamsubiri pale. Akakuta yule aliyekabidhiwa ameziuza zote. Zote! Mzungu wa watu akabaki hana kitu. Sasa wewe unashangaa kipande cha mgebuka?

Mzee wa Isevya:

Na aliyekuja kumuokoa alitokea wapi? Stanley katokea TABORA, na vyakula vyake amebeba. Sisi kazi ya kubeba vitu kupeleka Ujiji hatujaianza leo.

Mwalimu Mstaafu:

Umemaliza. Halafu wakaondoka wote wawili wakaja Kwihara, hapa hapa Tabora, na Livingstone akakaa mpaka Agosti 1872. Vitabu vinasema alikuwa anasubiri wapagazi. Mimi nasema alikuwa anakula.

Bin Ujiji:

Mwalimu unapotosha, aliyeuza zile mali alikuwa mtu wa kuja, siyo mwenyeji.

Mwalimu Mstaafu:

Wenyeji walikuwa wanachambua miiba.

Kuhe Mkavu:

😂😂😂 Mwalimu!

Mama Pacha wa Kanyenye:

Mnacheka. Mimi naona tu ule mkono. Una bangili. Bangili ziligusa ugali wa mtoto. Ana wanawe wanaume watatu pale wanakula viwili viwili, kapita wote hao, kaja kwa Doto. Na akarudisha kwenye sufuria, asingerudisha basi! Angempa tu huyo mgeni mkononi tujue moja!

Baharia wa Kibirizi:

Nyie mnaongea tu, bei ya samaki mnaijua? Tangu 2024 ziwa linafungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti samaki wazaliane. Likifunguliwa, mbalamwezi inakuja, usiku unang'aa, taa zetu hazivuti dagaa, tunakaa nchi kavu tunatazamana. Mama wa watu kapata migebuka mizuri, anawagawia, mnamsimanga mtandaoni.

Mama Pacha wa Kanyenye:

Serikali inafunga ziwa, haifungi sahani ya mtoto!

Baharia wa Kibirizi:

Mimi nimeeleza bei tu, dada.

Shoga Mwema:

Samahani. Hii ilikuwa Jumamosi? Jumamosi hii?

Mzee wa Isevya:

Karanga ongeza.

Shoga Mwema:

Mgebuka wa mawese? Kipande cha katikati?

Mama Pacha wa Kanyenye:

Ulikuja na kanga ya kijani?

Shoga Mwema:

Yesu wangu. Mimi nilipita kurudisha chujio la nazi. Kweli kilikuwa na pengo pembeni, nikajua kimevunjika kwenye kugeuza. Nikamsifia mpaka basi, nikasema shoga leo umenikirimu.

Chumvi Uvinza:

Nafuta kauli yangu ya chai. Wakuu, uzi huu una shahidi.

Kuhe Mkavu:

Shoga Mwema nenda kapime.

Fundi Cherehani:

Kapime nini? Mate ya mtoto wa miaka minne ni baraka. Swali langu, ulikimaliza?

Shoga Mwema:

Nilikimaliza. Na mchuzi aliniongezea.

Fundi Cherehani:

Hapo hata mchuzi wa Doto umeondoka.

Mwenye Nyumba Mwanga:

Ngojeni na mimi niseme, maana wageni huwa mnajiona malaika. Mimi nimepokea familia kutoka huko huko Tabora. Walisema wanakuja wikiendi, wikiendi gani hawakutaja. Watoto wao wamechora ukuta wangu kwa mkaa kuanzia sebuleni mpaka msalani. Remoti mpaka leo haijulikani ilipo. Mmoja kamwagia kuku sabuni ya unga akisema ni pumba. Mama yao kakaa tu: "watoto wakiwa kwa ndugu wanachangamka." Siku ya kuondoka wananikabidhi kichupa cha asali kama wamenijengea nyumba. Kofuli la friji nimelielewa kabisa, nauliza tu linauzwa wapi.

Mzee wa Isevya:

Hao siyo wa Tabora mjini. Hao ni wa njiani.

Jirani wa Gungu:

Huko Tabora kwenyewe mimi nilikwenda msimu wa maembe. Asubuhi embe. Mchana embe. Jioni nikasikia harufu ya kukaanga nikafurahi, kumbe majirani. Mwenyeji ananiambia "hizi ni za tofauti, hizi ni dodo."

Mzee wa Isevya:

Ulipewa dodo ukalalamika? Wewe ungepewa mkia wa mgebuka.

Fundi Cherehani:

Ila hii habari ya kusafiri na watoto wadogo kwa ajili ya siku moja ya katikati tuiache tu. Unafika usiku, unaondoka alfajiri, unakumbuka matapishi. Ngojeni reli ya kisasa, kilomita 506 Tabora hadi Kigoma, mtaenda na kurudi.

Mama Pacha wa Kanyenye:

Ikikamilika atakuja YEYE kwangu! Na wanawe wenye ndevu! Hilo umelifikiria?

Kuhe Mkavu:

Watoto wake mchuzi unawatosha.

Asali Mbichi:

Samahani wadau, hapo kwenye dumu la asali mleta uzi amesema lita tano ya Sikonge. Ulinunua kwa nani? Nauliza kwa sababu barabarani wanachanganya sukari. Inawezekana wifi alionja, akajua, hasira zikaishia kwa mtoto.

Mama Pacha wa Kanyenye:

ASALI YANGU haina sukari! Nimeitoa kwa mrina ninayemjua, mzinga wa gogo, nimeonja kwa kidole changu! Sasa imekuwa mimi ndiye mkosaji?

Asali Mbichi:

Sijasema mkosaji. Nimeuliza kama uliichovya njiti ya kiberiti. Ikiwaka ni safi.

Mwalimu Mstaafu:

Hiyo ya kiberiti ni hadithi za stendi. Njiti kavu huwaka hata ukiichovya kwenye asali ya mchongo.

Bin Ujiji:

Mimi niliyoletewa kutoka Tabora iliganda ikawa nyeupe chini. Sukari tupu. Ndiyo maana nawajua.

Asali Mbichi:

Kuganda siyo sukari mkuu, asali safi nayo inaganda, inategemea nyuki walikula maua gani. Weka chupa kwenye maji ya vuguvugu itarudi. Usichemshe.

Bin Ujiji:

Niliimwaga.

Mzee wa Isevya:

Uliimwaga ASALI?

Bin Ujiji:

Nilijua nimeibiwa.

Mama Pacha wa Kanyenye:

Jamani. Samaki. Kwenye sufuria.

Mzee wa Isevya:

Dada subiri kidogo, kuna mtu kamwaga asali. Bin Ujiji, lita ngapi?

Bin Ujiji:

Tatu.

Asali Mbichi:

Inna lillahi. Na ilikuwa ya nyuki wakubwa au wadogo?

Bin Ujiji:

Ilikuwa chachu chachu hivi.

Asali Mbichi:

Hiyo ilikuwa ya nyuki wadogo. Watu wanaitafuta kwa tochi.

Mwenye Nyumba Mwanga:

Kwani bei ya lita ya nyuki wadogo sasa hivi ikoje? Ile chupa yangu nayo ni chachu, nilikuwa naipaka mkate wa mbwa.

Baharia wa Kibirizi:

Usiimwage. Mimi nina dagaa wakavu kisado, tubadilishane. Nipo Kibirizi mpaka saa kumi.

Mwenye Nyumba Mwanga:

Dagaa wa mchanga au wa kwenye vichanja?

Baharia wa Kibirizi:

Vichanja, mama. Mchanga kidogo sana.